Mazoezi Yasivunje Haki za Nyumbani

Mbio za baiskeli za milimani ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996, huko Atlanta, Marekani. Vilima vyetu vya Pemba navyo vyaufaa mchezo huo, nasi tunauunga mkono.

Lakini hatuna budi kukumbushana. Mchezaji wa ridhaa halipwi. Saa anazozitumia barabarani ni haki ya mkewe na watoto wake. Basi na aziombe, asizinyang'anye. Afanye mazoezi baada ya sala ya alfajiri, arejee mapema awapeleke watoto skuli, na jioni awe nao.

Nao viongozi wanaohusika na michezo tunawaomba watangaze ratiba za mashindano mapema, wala wasiyaweke siku za sikukuu, ili kila mchezaji apate kupatana na watu wake.