Acheni kuchezea herufi kubwa kwenye vichwa!

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina dukuduku, na nalitoa lilivyo.

Kuna ugonjwa umeingia kwenye nyaraka za programu huria. Fungua mwongozo, usome vichwa peke yake. Cha kwanza "Kupakua Programu". Cha pili "Kuweka programu kwenye kompyuta". Cha tatu "Jinsi Ya Kuondoa programu", ambacho sijui hata nikiite nini. Ukiuliza, unajibiwa kwamba hayo ni mambo madogo na kuna hitilafu za kweli zinasubiri. Mimi nasema si madogo, na anayeumia si huyo anayejibu hivyo.

Nianze na mitambo, maana huku ndiko watu hawaangalii. Programu nyingi huria, pamoja na nyaraka zinazojengwa kwa Sphinx, hutafsiriwa kwa kutumia gettext. Faili la PO lina jozi: maneno ya asili yako kwenye msgid, tafsiri iko kwenye msgstr. Kompyuta hailinganishi maana, inalinganisha herufi moja moja. Kwa hiyo "Getting Started" na "Getting started" kwake ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwongozo ukiwa na vyote viwili, mfasiri anafanya kazi moja mara mbili.

Hilo bado ni afadhali. Balaa ni pale mtu anapoamka siku moja na kubadilisha ile S kuwa s ndani ya chanzo, akaita hiyo ni usafi. Programu ya msgmerge inatafuta maneno mapya kwenye faili la Kiswahili, haiyapati, inachukua yanayofanana nayo na kuyabandika alama ya "fuzzy", yaani haya yana shaka. Kisha msgfmt, usipoiamuru vingine, huyaacha nje yote yenye alama hiyo. Matokeo yake kichwa kilichokuwa cha Kiswahili jana leo kimerudi Kiingereza. Hakuna neno hata moja la tafsiri lililokosewa! Piga hesabu kwa mwongozo wenye vichwa 200.

Timu ya Kijerumani au Kifaransa inaweza kuwa na watu wa kutosha, wakazipitia hizo alama wiki hiyo hiyo. Kiswahili je? Mara nyingi ni watu wawili wanaofanya kazi usiku kwa kujitolea, na mmoja ana mitihani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, na watu walitoka jasho kutafuta kila neno. Kazi ya namna hiyo haifi kwa siku moja. Huliwa kidogo kidogo, kama boriti na mchwa, na herufi kubwa zinazogeuzwa geuzwa ni mmojawapo wa mchwa hao.

Sasa mfikirie msomaji. Simfikirii wa Nairobi, namfikiria kijana wa Banissa, kule kaunti ya Mandera karibu na mpaka wa Ethiopia, anayejifunza kwa simu. Nyumbani anaongea Kisomali. Duksi alisoma Kiarabu, ambacho hati yake haina herufi kubwa wala ndogo. Akivuka mpaka akakuta bango la Kiamhari, hati ile nayo haina. Kisomali chenyewe kilipata mwandiko rasmi wa Kilatini mwaka 1972. Kiswahili na Kiingereza alivikuta shuleni. Huyu alifundishwa na mwalimu wake kwamba herufi kubwa ni ishara: hapa sentensi inaanza, au hapa kuna jina. Basi. Wewe ukimwekea herufi kubwa kwenye kila neno umemnyang'anya ishara hiyo, tena kwenye lugha ambayo si ya mama yake.

Mnadhani natia chumvi? Chukueni Ushahidi, programu huria iliyozaliwa hapa hapa Kenya Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Niambieni kichwa hiki kina maana gani: "Kuhifadhi Ushahidi Kwenye Seva". Nahifadhi taarifa nilizokusanya, au naiweka programu yenyewe kwenye seva? Ni kazi mbili tofauti, na ukikosea ya pili unaweza kupoteza ya kwanza. Andika "Kuhifadhi ushahidi kwenye seva" na "Kuhifadhi Ushahidi kwenye seva", na mtu hana haja ya kuuliza. Lugha yetu ina bahati mbaya hii (au nzuri, sijui) kwamba majina ya programu zetu ni maneno ya kila siku.

Halafu kuna amri. npm, curl na systemd huandikwa kwa herufi ndogo, na Linux haina huruma. Ukimpa mwanafunzi kichwa "Kutumia Curl", ataandika Curl, naye ataambiwa amri hiyo haipo. Ataamini ameweka programu vibaya, ataifuta, ataipakua upya kwa bando lake mwenyewe.

Wapo wanaotetea herufi kubwa wakisema ndio utaratibu, vitabu vyote vimeandikwa hivyo, tazama "Kamusi ya Kiswahili Sanifu". Kweli, lakini jina la kitabu ni jina. Kichwa cha sehemu katika mwongozo ni kibao cha njiani. Na huo utaratibu ni wa nani? Ni wa Waingereza na Wamarekani, na hata wao hawajaelewana: mtindo wa AP hukuza kila neno lenye herufi nne au zaidi, Chicago wana hesabu yao nyingine. Sasa jaribu kuuleta kwenye Kiswahili. "Na" ni ndogo, sawa. Na kwenye "isiyo na intaneti"? "Baada ya" ni neno moja au mawili, tukuze nusu? "Katika" ina herufi sita, basi AP wangeikuza. "Kwa" ina tatu, basi ibaki. Na "ni"? Kwa Kiingereza kitenzi hukuzwa hata kiwe kifupi vipi, je, tuandike "Git Ni Nini"? Sheria hizi zilitungwa kwa lugha nyingine, kwetu hazina pa kushika.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, haina tatizo hili: huandika "Viungo vya nje" na maisha yanaendelea. Miongozo ya uandishi ya Google na ya Microsoft inataka vichwa viandikwe kama sentensi. Python nao wanapendelea hivyo, ila wanaongeza kwamba kufanana ndani ya sehemu moja ni muhimu kuliko sheria yenyewe. Hapo nawaunga mkono asilimia mia. GNOME bado wanakuza maneno kwenye vitufe na menyu, lakini wana sheria iliyoandikwa na wanaifuata, kwa hiyo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mradi ambao kila mchangiaji anakuja na ladha yake.

(Kwa wakazi wa Banissa hili si geni. Jina la mji wao wenyewe huandikwa kwa s mbili huku na s moja kule, na orodha nyingine ni BANISSA kwa herufi kubwa tupu. Jaribu kuunganisha majedwali mawili ya namna hiyo bila kuyasafisha kwanza, uone utakavyopoteza eneo bunge zima.)

Haya, kama una mradi, fanya hivi. Chagua mtindo wa sentensi, uandike uamuzi huo kwenye mwongozo wa wachangiaji, kisha weka Vale ikague vichwa yenyewe. Ina kanuni ya herufi kubwa tayari, na unaipa orodha ya majina ya kuachwa kama yalivyo. Usibadilishe vichwa vitano leo na vitatu mwezi ujao. Badilisha vyote mara moja, na katika badiliko hilo hilo rekebisha msgid ndani ya mafaili ya PO ya lugha zote. Ni mstari mmoja wa sed kwa kila kichwa. msgmerge ikija itakuta maneno yanalingana, na hakuna tafsiri itakayoguswa. Kagua pia viungo vinavyoelekeza kwenye vichwa hivyo: GitHub hugeuza vyote kuwa herufi ndogo, kwa hiyo vitasalimika, lakini MediaWiki hutunza herufi kama zilivyo, na kiungo cha zamani kitamtupa msomaji juu ya ukurasa.

Na wewe unayetaka kutuma badiliko la kugeuza herufi kwenye mradi wa mtu Jumapili hii, fungua kwanza folda ya tafsiri uone ni lugha ngapi zimo.