Mahakama Humwachia Mtu, Nyumba Haimwachii

Sisi wasomaji wa hadithi za upelelezi tuna maradhi mamoja: tukishika kitabu chenye maiti, hatutulii mpaka tujue nani kaua. Tumelelewa hivyo na Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale kilipochapishwa mwaka 1960, wala si vibaya. Lakini vipo vitabu ambavyo swali hilo ndilo dogo. Kimojawapo ni Presumed Innocent cha Scott Turow, mwanasheria wa Marekani, kilichotoka mwaka 1987. Asiyekisoma aniwie radhi, maana mawaidha yake hayasemeki bila kufichua mwisho.

Rusty Sabich ni mwendesha mashtaka wa cheo cha juu katika wilaya ya kubuniwa iitwayo Kindle. Ana mke, Barbara, na mtoto wa kiume, Nat. Ofisini akaja Carolyn Polhemus, mwendesha mashtaka mwenzake; wakawa mahawara, na Carolyn ndiye aliyemwacha. Miezi ikapita, Carolyn akakutwa ameuawa nyumbani kwake. Mkuu wa ofisi, asiyejua lolote, akamkabidhi Rusty jalada.

Tutue hapo, ndugu msomaji. Maneno machache tu yalitosha: "Mkuu, mpe mwingine kesi hii, mimi na marehemu tulikuwa na letu." Hakuyasema. Akalipokea jalada, kisha akamwomba mpelelezi rafiki yake, Lipranzer, asizichukue rekodi za simu za nyumbani kwake. Mtu aliyeapa kuitafuta haki akaanza kuifukia, si kwa sababu ameua, bali kwa sababu anaona haya. Rekodi hizo zilipopatikana, na bilauri yenye alama za vidole vyake ikakutwa kwa Carolyn, nani angemwamini? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ofisi aliyoitumikia ndiyo iliyompandisha kizimbani.

Jaji aliifuta kesi, Rusty akarudi kwake mtu huru. Siku moja akakuta nyumbani kifaa cha kazi chenye damu na unywele. Akatambua kwamba muuaji ni Barbara. Rusty hakukipeleka polisi. Angemnyang'anyaje mtoto mama yake, ilhali moto aliuwasha yeye? Mke na mume wakatengana, kila mmoja na siri yake kifuani.

Wapo watakaosema funzo ni kujihadhari na wanawake: mmoja kavuruga nyumba, mwingine kaua. Hiyo ni hukumu ya uvivu. Carolyn hakumburura mtu; tena ndiye aliyeanikwa maisha yake mbele ya watu, hana kinywa cha kujibu. Barbara ana hatia yake kamili, kwani usaliti wa mume haumpi mtu ruhusa ya kumwaga damu. Lakini aliyekula viapo viwili, cha ndoa na cha kazi, akavikanyaga vyote, ni Rusty. Na asije mtu akamtetea kwamba alikwisha kumwambia mkewe habari za Carolyn. Ni kweli alimwambia, ila moyo wake ukabaki kwa Carolyn. Kukiri bila kuacha si toba; ni kumtwika mwenzako mzigo wako.

Wengine watasema hizo ni hadithi za Wamarekani. Turow alikuwa mwendesha mashtaka Chicago alipoiandika riwaya hii, na kesi za jinai alizijua kwa kazi yake. Na kesi za namna hii nasi tunazisikia: taarifa ngapi za polisi zinasomwa redioni zikimalizia kwamba chanzo cha mauaji ni wivu wa mapenzi? Taarifa huishia hapo. Haisemi watoto walipelekwa kwa bibi yupi, wala nani atawalipia ada, wala watajibu nini wakiulizwa shuleni baba yuko wapi na mama yuko wapi. Mahakama hupima nani kaua. Hasara ya nyumba hailetwi kizimbani, nayo huwaangukia wasiohusika.

Basi wewe uliyekwisha kuteleza, acha leo, useme ukweli pale unapodaiwa, kabla haujasemwa na rekodi za simu. Wewe uliyesalitiwa, una wazee, una shehe au mchungaji, una kadhi na mahakama. Talaka ni chungu, lakini haimziki mtu, na wanao watakuwa na baba na mama hata kama ni nyumba mbili.

Na wewe rafiki, ambaye mawaidha ya ndoa hayakufikii kwa kuwa hujamkosea mkeo, nakuambia pia. Unamwazima mwenzako chumba, unapokea simu ya mkewe ukasema "nipo naye kikaoni", ukajiona mwenye siri na mtu wa kutegemewa. Lipranzer naye alidhani anamsaidia Rusty. Ukiombwa udanganye, kataa, umwambie arudi nyumbani akaseme mwenyewe. Atakununia mwezi mzima, na ni heri mwezi wa kununiwa kuliko kuitwa shahidi katika kesi yake.