Karte ya Serikali Nayo Inasahihishwa



Sisi wafinalisti tunataka kupinga wazo moja mbele hatujatoka katika shule hii. Ni wazo la kusema kwamba karte haikosei. Mutu wa kwetu anabisha juu ya mupira, anabisha juu ya siasa, anabisha hata juu ya pointi alizopewa na mwalimu. Lakini umuonyeshe karte yenye muhuri wa Serikali, mara moja ananyamaza. Anasema: «Ikiwa Leta imeandika, basi ni vile.»

Hapana. Karte ni maneno ya mutu. Mutu akisema uongo au akisema bila kujua, wengine wanapashwa kumurudisha kwenye njia.

Tuchukue muto wetu Ruzizi. Mutoto yeyote wa Bukavu anajua namna maji yake yanakwenda: yanatoka katika ziwa Kivu, yanapita chini ya daraja, yanashuka kwenye barrage ya Mururu, yanafuata bonde mpaka karibu na Uvira, na pale yanaingia katika Tanganyika. Sasa, mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira. Walikuwa wanatafuta mahali Nili inaanzia, na Burton alitumaini sana kwamba Ruzizi inatoka katika Tanganyika na kwenda kaskazini. Wana wa mutawala wa pale wakamuambia wazi kwamba sivyo, ule muto unaingia, hautoki. Alisikia vizuri, hata aliandika kwamba alihuzunika. Lakini alipokwisha kurudi kwao, mwaka 1864, akaanza kutetea tena kwamba muto unatoka! Wenye elimu wa Ulaya wakaendelea kubishana, mpaka Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mutumbwi na kuona kwa macho yao kwamba maji yanaingia. Miaka 13 kwa neno ambalo muvuvi wa Uvira angelionyesha kwa kutupa jani moja ndani ya maji.

Na ziwa letu lenyewe? Mwaka 1885, wakubwa wa Ulaya walipopima mipaka ya inchi hii kwa kalamu, hakuna Muzungu hata mumoja aliyekuwa amekwisha kufika Kivu. Walipitisha mustari mahali wasipopajua. Mudachi Götzen alifika ziwani mwaka 1894, na ndipo ugomvi ulianza, kwa sababu mustari wa kwenye karatasi na ziwa la kweli havikupatana. Wabeleji, Wadachi na Waingereza walivutana mpaka mapatano ya Bruxelles ya Mei 1910, yaliyoweka kisiwa cha Ijwi upande wa Kongo. Kwenye meza ile mwenyeji wa Ijwi hakuwako. Jirani zetu wenye jamaa ngambo zote mbili wanajua bado kosa la karte linaweza kugharimu nini.

Hata jina la muji wetu lilipotea kwa karte. Mpaka mwaka 1954 karatasi za wakubwa ziliandika Costermansville, kwa heshima ya mukubwa mumoja wa Kibeleji. Ndipo karte ikarudia jina la kwetu, Bukavu.

Tunajua mutasema nini: «Hayo ni ya zamani. Leo kuko satelite, inaona hata mbuzi.» Vema, lakini satelite inaona manjanja ya nyumba, haijui jina la kijiji, na haijui watu wake wanakwenda kutunzwa wapi. Mwaka 2018 Ebola ilitokea Bikoro na Iboko, katika jimbo la Equateur. Ilitangazwa tarehe 8 Mei na ilimalizika tarehe 24 Julai, watu 33 walikufa. Katika siku zile za kwanza, karte nyingi zilizotembea duniani zilikuwa na makosa: mipaka ya zoni za afya haikuwa ya kweli, vijiji vingine viliwekwa mahali pasipo pao. Fikirini muganga anayetafuta mugonjwa wa Ebola kwa karte ya namna ile, katikati ya pori! Wizara ya Afya pamoja na wataalamu wa Kinshasa na wa chuo kikuu UCLA cha Marekani walipashwa kuzisahihisha kwa mbio. Walihitaji maneno ya wale wanaoishi na kutumika kule, juu ni wao wanajua kijiji gani ni cha zoni gani.

Kule Nairobi pia, mutaa mukubwa wa Kibera ulikaa miaka mingi bila kuonekana kwenye karte za Serikali, sawa vile pangekuwa pori tu. Mwaka 2009 vijana wa mutaa walichukua vyombo vya GPS, wakatembea njia kwa njia, wakaandika vyoo, masomo, dispanseri na mabomba ya maji. Hawakuwa mainjinia. Walikuwa vijana sawa sisi.

Sasa tuje Kasha. Kartie yetu ni ya komine ya Bagira, lakini munajua yenyewe: nusu muji, nusu mashamba. Njia inaanza kubwa, inaishia katika migomba. Mvua moja ya Aprili inakata kilima, na mahali palipokuwa avenue panakuwa shimo. Karte haijui mvua ile.

Kuko muzee mumoja katika kartie, jina lake hatuliandiki, ambaye wengi wenu munamuita «Muzee Karte» na kumuchekelea akipita na bahasha yake. Basi mujue ndani ya bahasha muna nini. Katika ofisi moja kuko karte inayoonyesha avenue mahali ambapo, tangu miaka, kuko korongo. Kwa sababu avenue iko kwenye karte, watu wanauzisha parseli pembeni yake. Munuzi anatoka mbali, anaonyeshwa karatasi, anaona muhuri, analipa. Halafu anajenga kwenye mudomo wa korongo, yeye na watoto wake. Muzee hana shamba pale na hatafuti franga. Anaomba tu karte ifute ile avenue na kuandika korongo.

Barua yake ya kwanza ilipotea. Juu ya ya pili aliambiwa arudi kesho, na kesho ile haikuisha. Ya tatu aliiandika katika kopi mbili, akakataa kutoka mpaka kopi yake ilipopigwa muhuri wa kupokelewa. Jibu halijafika. Tangu Februari 2025 tumeona muji ukibadilisha wakubwa, na sisi si watu wa kuhukumu mambo hayo katika gazeti la shule, lakini korongo halingojei mukubwa gani atatia sinyatire.

Wengine wanasema: «Anapoteza nguvu, Leta haisikii.» Sisi tunaona hivi: barua moja ya muzee mumoja ni rahisi kuitia chini ya rundo. Barua yenye muchoro uliopimwa, yenye majina ya wenyeji makumi mbili, yenye tarehe, na yenye kopi iliyobaki nyumbani, hiyo ni muzigo kwa yule anayetaka kuificha. Nyumba ikianguka kesho, hakuna atakayesema hakujua.

Kuko hatari moja, na tunaisema wazi. Mwenye tamaa naye anaweza kujiita musahihishaji. Atasema karte imekosea, kumbe anatafuta kula mita tatu za mujane. Katika Kasha, ambapo mumoja anakuja na karatasi ya muji na mwingine anakuja na neno la muwami, ugomvi wa parseli umekwisha kutosha. Mithali inakataza kusogeza mupaka wa zamani, na sisi hatutausogeza. Kwa hiyo kazi tunayoomba haigusi parseli ya mutu. Ni makorongo, vijito, chemchemi, njia zinazopitika na zile zilizokufa, na majina namna wazee wanavyoyataja. Mutu akituita tumupimie lupango lake, tukatae kwa heshima.

Tumemuomba mwalimu wa jografia, amekubali. Jumamosi mbili zinazokuja, kisha kazi za mikono, tutatoka makundi ya watu watano, na kila kundi litakuwa na mutu muzima mwenyeji. Kundi la kwanza litafuata njia za upande wa hospitali ya Ciriri, juu ni pale wagonjwa wanabebwa usiku kwa mugongo, na anayebeba anapashwa kujua njia gani haina shimo. Mulete kalamu ya risasi, kayee ya mirabaraba, na kamba yenye mafundo kila mita moja. Wenye telefone yenye GPS wataandika namba, wengine watahesabu hatua. Musiingie katika korongo kama mvua imenyesha, hata kama mwenzako anakuita mwoga.

Majina yanaandikwa kwa kapita wa kila darasa mpaka siku ya Alhamisi. Muzee atatembea na kundi la pili. Amesema ataleta barua zake zote tatu, na sisi tumemuahidi kwamba ya ine itaandikwa kwa mashini ya shule, kopi nne, bila makosa ya Kifaransa.