"Na Wewe Mpige": Ushauri Unaomponza Mtoto Mdogo

Katika vijiji vya Usambara Magharibi, kuanzia Soni hadi Mlalo, nyumba hubanana juu ya matuta ya mlima, migomba ikiwa katikati, na uwanja mmoja huchezewa na watoto wa nyumba tatu au nne. Hapo ndipo mtoto wa miaka miwili anapoanza kuishi na wenzake, na mwenzake wa kwanza mara nyingi ni mtoto wa mama mkubwa au wa jirani, amemzidi kidogo tu umri, naye husukuma, hung'ata na kunyang'anya. Mdogo akija analia, jibu linalomngoja ni lile lile: "Na wewe mpige! Usije kwangu na vilio." Wapo wanaolitamka kwa hasira, na wapo wanaolitamka kwa mapenzi kabisa, ili mtoto wao asionewe. Wote wanaamini kwamba dawa ya moto ni moto, na kwamba asiyerudisha leo atakuwa mnyonge kesho. Ninasema imani hiyo ni potofu tangu mzizi wake, na kwa mtoto wa umri huo ina madhara.

Tuutazame ugomvi wenyewe kwa karibu. Watoto wawili wamechuchumaa vumbini, mmoja ameshika kifuniko cha dumu la njano na anakizungusha kama usukani wa gari. Wa pili anakitaka. Hajui kusema "niazime", wala hajui kungoja zamu, maana kwake "baadaye" na "hapana" ni kitu kimoja. Anavuta, mwenzake anang'ang'ania, kifuniko kinachomoka na mkono unatua usoni. Wote wanashtuka, na huenda aliyepiga akalia kabla ya aliyepigwa. Mtu mzima anayetokea jikoni wakati huo huona mchokozi na mwonewa, kisha anatoa hukumu. Lakini hapo hapakuwa na dhamira mbaya. Palikuwa na hamu mbili juu ya kitu kimoja, na maneno yasiyotosha kuzisema. Ukimwamuru aliyepigwa arudishe, unamtaka apime uzito wa kofi lake na ajue mahali ambapo kujihami kunakwisha na uchokozi unaanza. Hayo yanawashinda watu wazima wengi wenye akili timamu. Mtoto wa miaka miwili anachosikia katika amri ile ni neno moja tu, piga, na kesho atalitumia kwa mdogo wake aliye mgongoni mwa mama.

Wanaotetea ushauri huu huchukulia kwamba kupiga ni stadi ya kufundishwa, na kwamba mtoto asipofundishwa ataikosa. Ushahidi unasema kinyume. Richard Tremblay wa Chuo Kikuu cha Montreal, nchini Kanada, pamoja na wenzake, waliwafuatilia maelfu ya watoto tangu utotoni kabisa. Waliona kwamba kupiga, kusukuma na kung'ata huanza mapema mno, mara tu mtoto anapoweza kuitawala mikono yake, huzidi kati ya miaka miwili na minne, kisha kwa walio wengi hupungua mwaka hadi mwaka kadiri lugha inavyokomaa na mtoto anavyoweza kujizuia. Maana yake ni nzito kwa kila mlezi: hakuna anayehitaji kufundishwa kupiga, kila mmoja huja na mkono wake tayari, na kazi ya malezi ni kuufundisha kutulia. Na watoto huiga. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaonyesha watoto wa shule ya awali mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu la kuchezea. Watoto hao walipoachwa nalo walimwiga, hata kwa maneno. Ikiwa kumtazama tu mtu mzima asiyewahusu kuliwafanya hivyo, amri inayotoka kinywani mwa mama au baba ina nguvu kiasi gani?

Hata hivyo sitaki hoja hii isimame juu ya Kanada na Marekani peke yake, kwa sababu ushahidi unaotuhusu zaidi ulipatikana jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Carol Ember alichunguza wavulana wa Kijaluo huko Oyugis, magharibi mwa Kenya. Katika familia zilizokosa binti wa umri unaofaa, kazi zinazohesabiwa kuwa za wasichana, ikiwemo kulea wadogo, ziliangukia kwa wavulana. Aliyoyachapisha mwaka 1973 yalionyesha kwamba wavulana waliofanya sana kazi hizo, hasa za ndani ya nyumba, walikuwa wapole kuliko wenzao, hata nyakati ambazo hawakuwa kazini. Utafiti wa mahali pamoja haumalizi hoja. Lakini mwaka 1988 Beatrice Whiting na Carolyn Edwards walikusanya pamoja uchunguzi wa jamii mbalimbali duniani, za Kenya zikiwemo, nao wakaona kwamba mtoto anayekaa na mdogo kuliko yeye huvutwa kuelekea upole na utunzaji. Kwa hiyo kinachomtuliza mtoto mgomvi ni kupewa mtu wa kumtunza, tena mbele ya mtu mzima anayeangalia anavyomtunza.

Hapa ndipo Usambara ina hazina isiyotumika. Pingamizi ninalolisikia sana ni la muda: mama wa Lushoto ana shamba kwenye mteremko, ana kabichi na karoti za kupeleka gulioni, anapanda na kushuka mlima na mzigo kichwani, na baba pengine yuko Dar es Salaam yanakopelekwa mazao hayo hayo. Nani atakaa uwanjani kuamua ugomvi wa vifuniko? Pingamizi hili ni la kweli, na anayelipuuza hajui maisha ya milimani. Ila lina jibu, kwa sababu uwanja wenyewe hauachwi mtupu. Yupo bibi, na yupo dada au kaka wa miaka minane au tisa aliyekabidhiwa wadogo. Huyu mlezi mdogo ndiye anayeshuhudia kofi la kwanza, na kwa bahati mbaya ndiye tunayemfundisha kidogo kuliko wote. Tunamwambia "waangalie wadogo zako" na kuondoka, naye hutumia alichokiona: hucheka, humchochea mmoja, au huwachapa wote wawili. Robo saa ya jioni inatosha kumwelekeza. Akae karibu kiasi cha kuufikia mkono kabla haujatua. Aushike bila kuuminya na aseme kwa sauti ya kawaida, "Hapana, inauma." Aanze kumbembeleza aliyeumia, ili aliyepiga aone kwamba kofi halimvutii macho ya watu. Kisha amtamkie kila mmoja neno analolikosa: "sitaki", "nipe na mimi", "bado natumia". Atafute kifuniko cha pili, maana katika umri huu vitu viwili vinavyofanana huzuia ugomvi mwingi kuliko nasaha. Na mtoto aliyeshikwa na njaa au usingizi aondolewe mchezoni kabla hajaanza kung'ata.

Wengine watasema kwamba huko ni kudekeza, na kwamba dunia haina huruma kwa legelege. Ninaichukua hofu hiyo kwa uzito, kwa kuwa mzazi anayeisema anamwogopea mwanawe. Lakini mtoto ninayemtetea hafundishwi kukaa kimya na kupokea makofi. Anafundishwa kuondoka mahali anapoumizwa, kukataa kwa sauti inayosikika, na kumwita mkubwa akijua kwamba mkubwa atakuja. Mnyonge hasa ni yule aliyelia, akafukuzwa arudi uwanjani kupigana, akajifunza kwamba kilio chake hakimfikishi kwa mtu yeyote. Mtoto huyo akija kuonewa shuleni, au kuguswa vibaya na mtu mzima, tutamlaumu vipi kwa kunyamaza, ilhali tulimzoesha tangu miaka miwili kwamba hatupokei mashtaka? Na kama yuko mmoja uwanjani anayeumiza wenzake kila siku, jukumu la kumzuia haliwezi kubebwa na mdogo mwenye jino linaloota. Mama aende kwa mama mwenzake kwa lugha ya ujirani, bila kumwita mtoto wake shetani, waulizane mtoto analala saa ngapi, anakula lini, anachapwa na nani. Wakati mwingine jibu la swali la mwisho linaeleza kila kitu. Ikibidi, watoto watenganishwe kwa siku kadhaa, na hakuna aibu katika hilo.

Limebaki pingamizi linalonigusa zaidi, kwamba haya ni malezi ya Kizungu na wazee wetu hawakulea hivyo. Kwa Wasambaa pingamizi hili halina mguu wa kusimamia. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na kutafiti milimani humo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 jinsi wakulima wa Usambara walivyoifikiria siasa: nguvu mbili zikishindana, nchi huharibika na njaa huingia, nchi hupona panapokuwa na mamlaka moja inayozituliza. Fikra hiyo waliishi nayo na waliilipia. Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga, na alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1860 warithi wake waligeukiana. Semboja wa Mazinde, aliyejipatia bunduki kwa biashara ya misafara, alimng'oa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, na kwa miaka mingi milima hiyo ikawa ya vita, watu wakitekwa na kuuzwa pwani. Kila upande uliamini kwamba moto huzimwa kwa moto. Waliobaki walihitimisha kwamba nguvu kwa nguvu haijengi, na hitimisho hilo ni la Usambara, halikuja na meli. Silinganishi vita vya watawala na kifuniko cha dumu. Ninalosema ni kwamba wazo la mkubwa anayesimama juu ya wagomvi na kuwatuliza ni la nyumbani, na mzazi anayesema "na wewe mpige" amejiuzulu nafasi hiyo na kuwaachia watoto wa miaka miwili waijaze.

Ama wanaosema "sisi tulikua hivyo na tuko sawa", utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu robo tatu yao, wasichana kwa wavulana, walisema walipigwa au kuumizwa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, wengi wao na ndugu na walimu. Hatuko sawa. Mwaka huo huo wa 2009 ilitungwa Sheria ya Mtoto, na kifungu chake cha 13 kinasema adhabu haikubaliki kwa mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa kusudi la adhabu hiyo. Ikiwa sheria inamkataza mtu mzima kumrudi kwa kofi mtoto asiyeelewa, kwa hoja gani tunampa kazi hiyo mtoto mwenzake asiyeelewa vilevile?

Ninaziomba halmashauri za Lushoto na Bumbuli zisiishie kwa akina mama wanaokuja kliniki. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilitambua kwamba miaka minane ya kwanza ndiyo ya msingi. Basi elimu yake imfikie na yule binti au kijana wa darasa la tatu anayeshinda na wadogo zake uwanjani. Walimu wa shule za msingi wanaweza kuifundisha kwa nusu saa, na wahudumu wa afya wa vijijini, wanaopita nyumba kwa nyumba, wanaweza kuirudia. Na baba unayerudi jioni ukamkuta mwanao analia kwa kupigwa, mwite, mpakate, muulize pameuma wapi, kisha toka naye mkaone kilichotokea.