Gurudumu Nalo Lisimame

Yako maoni mengi yanayotembea kwa watu yakijidai kuwa ni hekima, kumbe ni desturi tu isiyopata kuulizwa swali. Moja katika maoni hayo ni hili lisemwalo na wapenzi wengi wa mbio za baisikeli katika nchi zetu: ya kuwa mwendesha baisikeli mwenye bidii hana msimu wa kupumzika; ya kuwa ashukaye kwa wiki tatu hupoteza kazi ya mwaka mzima; na ya kuwa kijana aombaye likizo kwa kiongozi wa chama chake amekwisha jiandikisha katika daftari la wavivu. Kusudi la insha hii ni kuyapinga maoni hayo, maana yanaharibu miili ya vijana, na uharibifu wake umevikwa jina zuri la bidii.

Kwanza na tulitazame jambo lenyewe lilivyo. Katika Ulaya, mashindano makubwa ya barabarani hukoma mwezi wa Oktoba. Mbio za Il Lombardia za nchi ya Italia, zilizoanzishwa mwaka 1905, huitwa mbio za majani yanayopukutika, kwa kuwa hukimbiwa wakati miti inapovua mavazi yake. Baada ya hapo washindani wengi huweka baisikeli kando kwa wiki mbili, tatu au nne, kisha huanza tena taratibu, kwa safari fupi zisizo na ushindani. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda ubingwa wa dunia mjini Kigali mwezi wa Septemba 2025, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Akashinda na Il Lombardia mwezi uliofuata. Kisha akaufunga msimu wake. Ikiwa bingwa wa dunia hufunga msimu, ni nani aliyewaambia vijana wetu kwamba wao hawana haki ya kufunga wao?

Jibu ni kwamba hapana aliyewaambia, wala hapana aliyewaambia kinyume chake. Huko Ulaya baridi, barafu na usiku mrefu humwamuru mtu ashuke, apende asipende. Kwetu jua huwaka Desemba kama liwakavyo Julai, na barabara i wazi siku zote. Tumeyapokea mashindano bila ya kuyapokea mapumziko yake, kama mtu aliyenunua jahazi akaiacha nanga dukani. Kile ambacho majira humfanyia mwenzetu, sisi hatuna budi kukifanya kwa akili.

Wapinzani hujitetea kwa methali. Husema, bandubandu huisha gogo. Ni kweli, lakini na wajiulize ni nani gogo katika habari hii. Mazoezi hayaujengi mwili wakati yanapofanyika. Wakati huo huuchosha na kuubandua. Kujenga huja baadaye, katika usingizi, chakula na utulivu, misuli inapojitengeneza upya. Anayebandua kila siku bila ya kutoa nafasi ya kuota tena, gogo analolimaliza ni yeye mwenyewe. Husema tena, mchumia juani hulia kivulini. Methali hii waishika kwa nusu moja na kuitupa nusu ya pili. Imekiweka kivuli kuwa ndiyo faida ya jua. Wao wanalihubiri jua, na kivuli wanakiita aibu.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi, nayo yastahili kujibiwa kwa haki. Wanasema kwamba nguvu hupotea mtu akipumzika. Naam, hupotea. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake, wataalamu wa Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya wanamichezo wa mbio ndefu walioacha mazoezi kabisa. Upeo wa oksijeni ambayo miili yao iliweza kuitumia ulipungua kwa asilimia 7 hivi katika siku 21 za kwanza. Baada ya siku 56 upungufu ulifika asilimia 16 hivi, ukasimama hapo. Sehemu kubwa ya hasara ya mwanzo hutoka katika maji ya damu, ambayo hupungua upesi na hurudi upesi. Lakini vishipa vidogo vya damu ndani ya misuli, ambavyo ni jengo la miaka mingi, havikupungua hata baada ya siku 84. Basi hasara ipo, ila ni hasara ya rangi ya nyumba, si ya msingi wake. Mwenye busara hukubali kupaka rangi upya ili nyumba isimwangukie.

Na nyumba huweza kuanguka. Uchovu uliorundikana miezi kwa miezi hufika mahali ambapo usingizi wa usiku mmoja hautoshi kuuondoa. Mwendo hushuka ingawa juhudi imeongezwa, usingizi hukimbia, hamu ya kula na ya kushindana hufa. Tena baisikeli, kwa kuwa humbeba mtu akiwa ameketi, haiipi mifupa mzigo wa kuiimarisha, na imeonekana kwamba waendeshaji wengi wa barabarani wana mifupa hafifu ya mgongo kuliko watu wafanyao michezo ya kukimbia na kuruka. Mwezi mmoja wa kutembea, kukimbia kidogo na kuinua vitu vizito ni dawa ambayo kiti cha baisikeli hakiwezi kuitoa.

Wapinzani huniletea jina la Eddy Merckx wa Ubelgiji, aliyeshinda Tour de France mara 5, na ambaye wakati wa baridi alikwenda kushindana katika viwanja vya ndani. Sina haja ya kupunguza sifa zake. Lakini alishinda Tour yake ya mwisho mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 29, na mwaka 1978 aliacha mashindano kabla ya kutimiza miaka 33. Hata hivyo, jitu moja katika karne haliwi sheria ya watu wote. Na watazame pia Tom Dumoulin wa Uholanzi, mshindi wa Giro d'Italia mwaka 2017. Januari 2021 alisimama, akakiri hadharani kwamba amechoka. Akapumzika miezi kadhaa. Na Julai mwaka ule ule akapata nishani ya fedha katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Lakini mwaka uliofuata aliacha mashindano kabisa. Pumziko lilimrudishia nguvu ya kushinda, ila lilikuja wakati deni limekwisha kuwa kubwa. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na ngoma iliyokwisha kupasuka haitengenezwi kwa kuachwa bila ya kupigwa.

Basi sisi tupumzike lini? Si lazima tuige Oktoba ya watu wa baridi. Tangu mwaka 2019 Tour du Rwanda kwa kawaida hukimbiwa mwishoni mwa Februari. Baada yake, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, masika huingia mwezi wa Machi na kuendelea hata Mei. Barabara huteleza, na matope huila minyororo. Kwa nini tuyashindanie matope? Mabaharia wa pwani waliijua elimu hii zamani. Kusi ilipochafua bahari hawakuiita jahazi mvivu. Waliipandisha ufukoni, wakaikalafati, wakaipaka deheni, wakashona matanga, wakangoja. Jahazi iliyokataa kupandishwa ilizama na mali ya watu.

Najua litaulizwa swali la mwisho: na yule abebaye maziwa, mkaa au abiria juu ya baisikeli mwaka mzima, yeye apumzike kwa nani? Swali hili linauma, nami silikimbii. Lakini umaskini unaomnyima mtu pumziko hauthibitishi kwamba pumziko ni anasa. Unathibitisha kwamba mtu huyo amedhulumiwa. Ni ajabu kuchukua dhuluma ya mmoja na kuifanya kanuni ya wote.

Nawaambia basi viongozi wa vyama vya baisikeli: andikeni wiki 3 za mapumziko katika kalenda zenu kwa wino ule ule mnaoandikia mashindano. Msimwondolee kijana nafasi yake kwa kuwa alitii kalenda hiyo, wala msimfanye posho yake itegemee mashindano peke yake, kwani mwenye njaa hapumziki hata akiruhusiwa. Na vijana nawaambia: mnapoambiwa kwamba kusimama ni uvivu, mwulizeni msemaji kama atakuwapo siku mtakaposhindwa kupanda kilima. Aghalabu siku hiyo huwa amekwisha tafuta kijana mwingine.