Afande mkubwa, ingia kwenye mstari tukimbie

Mazoezi ya pamoja hayafichi kitu. Ukianza kuhema, wa mbele anakusikia na wa nyuma anakuona. Ndiyo maana mabosi wengi hawayataki. Na ndiyo maana lile swali la vijiweni, kwamba maofisa wakubwa wa jeshi wajichanganye kwenye mbio za pamoja au wabaki na mazoezi yao ya faragha, si la utani kama linavyosikika.

Mimi nasema waingie. Tena wasiishie kwenye mchakamchaka wa kambini, waje hadi huku kwenye klabu zetu za joging, Pongwe na kwingineko. Ila waingie kweli, siyo kuja kupunga mkono.

Suala hili si la kwetu peke yetu. Septemba 30, 2025, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, aliwakusanya majenerali wake pale Quantico akawaambia waziwazi kwamba amechoka kuona majenerali wanene kwenye korido za Pentagon. Akataka kila mwenye cheo afanye mazoezi na apimwe kama askari wengine. Namna alivyolisema unaweza usiipende, maana kumsema mtu mzima kitambi chake mbele za watu kuna ukakasi. Lakini hoja yenyewe ina uzito. Anayemwamuru kuruta akimbie kilomita 10 anapaswa kujua kilomita ya nane inauma wapi.

Na kwetu mifano ya wakubwa wenye pumzi ipo, tena ya heshima. Jenerali Mrisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa Tanzania kuanzia 1964 hadi 1974, amepanda Mlima Kilimanjaro mara nyingi kuliko vijana wengi walivyopanda ngazi za ghorofa, na aliendelea hata baada ya kustaafu. Jenerali George Waitara, aliyeongoza jeshi kuanzia 2001 hadi 2007, naye akiwa mstaafu ameongoza misafara ya kwenda kileleni kuadhimisha Uhuru. Mlimani hakuna wa kukubebea pumzi. Koplo na jenerali wanavuta hewa ileile nyembamba, na anayeshindwa anageuza.

Sasa tuangalie upande wa pili, ambao sisi watu wa mpira tunapaswa kuujua vizuri. Pierre Nkurunziza wa Burundi alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya kuingia msituni na baadaye kuwa Rais. Alipenda soka kwelikweli, akawa na timu yake, Haleluya FC, na akicheza mwenyewe. Kimazoezi, hakuna wa kumlaumu. Tatizo lilikuwa kwa wapinzani. Iliripotiwa kwamba walizoea kumpisha ili apite na mpira, hadi Februari 2018 timu yake ilipokwenda Kiremba. Upande wa wenyeji kulikuwa na wachezaji wakimbizi kutoka Kongo ambao hawakumjua ni nani. Wakamkaba kama wanavyokaba mtu yeyote, akaanguka mara kadhaa. Mwezi uliofuata viongozi wawili wa Kiremba walikamatwa, wakituhumiwa kula njama dhidi ya Rais.

Hebu fikiria, kumkaba mshambuliaji limekuwa kosa la jinai! Hapo mechi imekufa, hata kama refa bado anapuliza filimbi.

Hicho ndicho ninachokiogopa kwenye mbio za pamoja. Kanali akija, kundi zima linapunguza mwendo ili asiachwe. Mmoja anambebea maji, mwingine taulo, gari linafuata nyuma likiwa na kiyoyozi. Dakika ya tano anapanda gari, anakutana nasi kwenye hotuba. Mazoezi ya namna hiyo bora yasiwepo, kwa sababu yanawafundisha vijana kwamba jasho ni la wadogo.

Wapo wanaosema bosi akionekana anatapika pembeni ya barabara, askari wake watamdharau. Sikubali. Sisi wa Tanga tuliwaona maafande wa Mgambo pale Mkwakwani, kabla ya ule msimu mchungu wa 2015/16 ulioishusha Mgambo, Coastal Union na African Sports kwa mpigo (kidonda hicho tukiache). Mashabiki tuliwaheshimu kwa sababu walikimbia dakika 90, siyo kwa sababu ya vyeo vyao. Kwenye timu ya jeshi nahodha anaweza kuwa koplo, na aliyemzidi cheo akasubiri benchi. Wakitoka uwanjani saluti inarudi palepale, wala jeshi halijavunjika.

Hoja ninayoikubali ni ya afya. Mtu wa miaka 55 aliyekaa mezani miaka kumi hawezi kuamka Jumamosi moja akakimbia mwendo wa kijana wa miaka 22. Moyo hausomi cheo. Apime presha na sukari kwanza, aanze kwa kutembea, na akikimbia akae nyuma na wanaoanza. Huko nyuma ndiko kuna mama wauza vitumbua na walimu wastaafu, na hakuna aibu yoyote kuhema pamoja nao. Kwa kweli huko ndiko angesikia mambo ambayo ofisini hayamfikii.

Ratiba wala haihitaji kamati. Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Tuanzie hapo. Saa 12 asubuhi, kabla malori ya saruji hayajajaa barabara ya Pongwe. Afande aje na raba na fulana isiyo na nyota, gari alipaki mbali, dereva wake naye aingie mstarini. Chenja aianzishe mwenye sauti nzuri, hata kama ni fundi baiskeli, na mkubwa aitikie.

Na akiachwa, aachwe. Tutamsubiri kwenye kunyoosha viungo.