MSANII SI TARUMBETA LA KUKODI

Liko jambo la aibu ambalo sisi wana chama hatuna budi kuambiana waziwazi. Waimbaji, watunga mashairi na wachoraji wetu twawapenda siku ya mkutano tu. Kikundi cha ngoma huitwa asubuhi, huimba juani mpaka saa kumi, kisha hupewa soda na nauli. Jukwaa likivunjwa, hakuna aulizaye watu wale hufanyia wapi mazoezi, wala nani amelipia ngozi za ngoma zao.

Je, chama kilijengwa hivyo? Sivyo! African Association ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na nyumba yake ya New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba, ilisimama kwa michango na jasho la wanachama. Humo ndimo ilimozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata, chama kilipowahitaji wanawake, kiliwapata wapi? Katika vikundi vya ngoma! Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya wenzake, na wanawake kwa maelfu wakachukua kadi. Vikundi vile vilikuwa na viongozi wao na sare zao kabla ya chama. Kina mama walikwisha jenga. Chama kilikaribishwa ndani.

Kadhalika mji huu ulilea Dar es Salaam Jazz na Western Jazz. Watunga mashairi nao waliunda UKUTA mwaka 1959. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, ndiye aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Nani basi athubutuye kusema ushairi ni kazi ya wasio na kazi?

Wako wasemao, "Serikali itawatunza, na wafadhili wapo." Hatukatai. Sheria ya hakimiliki ilitungwa mwaka 1999. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2023, nasi twaipongeza. Nafasi Art Space, iliyoanzishwa Mikocheni mwaka 2008, imewapa wachoraji mahali pa kufanyia kazi, ingawa kwa msaada mkubwa wa fedha za kigeni. Lakini tuzo humfikia mshindi. Kijana wa Mtaa wa Aggrey mwenye daftari la mashairi haimfikii. Mfadhili naye akiondoka, huondoka na ufunguo. Na sheria yafaa nini, ikiwa mwana chama mwenyewe hununua kando ya barabara kitabu kilichonakiliwa kwa wizi?

Tazameni wanafunzi wa Edward Saidi Tingatinga. Mwalimu wao alianza kuchora mwaka 1968, akafariki mwaka 1972. Wangeweza kutawanyika, kila mtu na brashi yake. Walishikamana, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo picha zao zajulikana duniani kote. Hawakungoja kubebwa.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, kila tawi la Kariakoo, Gerezani na Ilala lifungue chumba chake jioni moja kila juma, bila kodi, kwa waandishi na wasanii wa mtaa. Pili, kila kikundi kiwe na daftari la wanachama, ada na mweka hazina, na ala ziwe mali ya kikundi, si ya tajiri mmoja. Tatu, msanii apatane na chama juu ya ujira wake kabla hajapanda jukwaani, na alipwe siku ile ile.

Sisi waandaaji wa mikutano ndio tuliokosa, basi na tuanze sisi. Mkutano ujao, kabla ya kulipia vipaza sauti na viti, tuwalipe kwanza wanaoimba. Taifa lisilomlisha mtunzi wake litaimba nyimbo za wengine.

Umoja ni nguvu!